Norrbotten au Skåne: ulinganisho wa mikoa miwili ya Sweden kwa anayetaka kuhamia

Anayepata nafasi ya kazi au ya masomo nchini Sweden kwa kawaida huulizia mji, naye hujibiwa habari za mji: kodi ya nyumba, usafiri, baridi. Mkoa hauulizwi, ilhali huko mkoa ndio unaoamua utatibiwa hospitali gani, basi la kijijini kwako litapita mara ngapi kwa siku, na sehemu ya kodi itakayokatwa kwenye mshahara wako. Sweden ina mikoa 21 na manispaa 290. Hapa ninailinganisha mikoa miwili iliyo kwenye ncha mbili za nchi, Norrbotten wa kaskazini kabisa na Skåne wa kusini kabisa, kwa ajili ya msomaji ambaye barua ya ajira au ya chuo inamtaka achague mmojawapo, na pia kwa yule ambaye bado anajiuliza maombi yake ayaelekeze wapi.

Msimamo wangu niutaje mapema. Katika uamuzi huu baridi hupewa uzito mkubwa kuliko inavyostahili, na umbali haupewi uzito wowote hadi mtu anapokuwa ameshafika na kufungua mizigo.

Jinsi mkoa unavyoendeshwa

Mkoa wa Sweden una uongozi wa aina mbili unaokaa sambamba. Upo uongozi wa mkuu wa mkoa, ambaye huteuliwa na serikali kama ilivyo Tanzania, na ambaye ofisi yake husimamia mambo ya serikali kuu kama vile mazingira, uwindaji na maandalizi ya dharura. Mpangilio huo ulianza mwaka 1634, wakati wa chansela Axel Oxenstierna. Kando yake lipo baraza la mkoa linalochaguliwa na wananchi kila baada ya miaka 4, lenye mamlaka ya kutoza kodi yake lenyewe, na hili ndilo linaloendesha hospitali, vituo vya afya na usafiri wa umma. Sambamba nalo, bila kuwa chini yake, kuna manispaa, ambazo hushughulikia shule, chekechea, maji, matunzo ya wazee na masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, ambayo hutolewa bila ada.

Kwa upande wa kodi tofauti ni ndogo. Ukijumlisha sehemu ya manispaa na ya mkoa, mkazi wa Malmö, jiji kuu la Skåne, hutozwa karibu asilimia 32 ya mapato yanayotozwa kodi, na wa Luleå, makao makuu ya Norrbotten, karibu asilimia 34. Sidhani kuna mtu anayepaswa kuchagua mkoa kwa sababu hiyo. Lakini asilimia hizo mbili zinaeleza jambo: kaskazini ni watu wachache wanaolipia hospitali, barabara na shule zilizotawanyika katika eneo kubwa mno.

Umbali

Norrbotten una eneo la karibu kilomita za mraba 100,000, yaani zaidi ya moja ya tano ya Sweden nzima, na ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Wakazi wake ni kama 250,000 tu, wamegawanyika katika manispaa 14, na wengi wao wanaishi karibu na pwani, Luleå, Piteå na Boden. Skåne una kama kilomita za mraba 11,000, watu wapatao milioni 1.4 na manispaa 33. Kutoka Malmö hadi Kiruna kwa barabara ni kama kilomita 1,800, kwa hiyo anayedhani atakaa kaskazini na kuwatembelea ndugu zake wa Malmö kila mwisho wa wiki ajue kwamba treni ya usiku kutoka Luleå hadi Stockholm pekee huchukua zaidi ya saa 12, na akifika Stockholm bado ana safari nyingine ya saa nne na ushee.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha maana ya umbali huo katika maisha ya kila siku. Manispaa ya Kiruna peke yake ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000. Mji wake una hospitali, lakini hospitali hiyo haina wodi ya uzazi, na mama mjamzito huenda kujifungulia Gällivare, kama kilomita 120 kwa barabara. Wakati wa majira ya baridi barabara hiyo ina barafu, upepo hupeperusha theluji hadi dereva asione mbele, na kulungu wa kaskazini, wale wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, hukatiza njia bila haraka. Hospitali kubwa ya mkoa iko Sunderby, kati ya Luleå na Boden, na matibabu ya kibingwa ya juu zaidi hupatikana Umeå, ambako ni mkoa mwingine, hivyo wagonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege. Huduma yenyewe ni nzuri, na wahudumu wake wamezoea mazingira hayo. Bado, mwenye mimba yenye matatizo, au mwenye mtoto anayehitaji daktari bingwa kila mwezi, afikirie mara mbili kabla ya kusaini mkataba wa bara la Norrbotten, yaani ndani, mbali na pwani.

Skåne ni kinyume chake. Hospitali ya chuo kikuu imegawanyika kati ya Lund na Malmö, na treni kati ya miji hiyo huchukua kama robo saa. Treni za zambarau za mkoa, zinazoitwa Pågatåg, zinafika Helsingborg, Ystad, Kristianstad na miji midogo iliyo katikati, hivyo mtu anaweza kupanga nyumba Landskrona ambako kodi ya nyumba ni nafuu, akafanya kazi Lund, na jioni akahudhuria darasa la Kiswidi Malmö, bila kuwa na gari.

Hilo la gari lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Leseni ya Kenya au ya Tanzania hutumika nchini Sweden kwa mwaka mmoja tu tangu mtu aandikishwe kuwa mkazi, na haibadilishwi kuwa ya Kiswidi. Baada ya hapo ni lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani, pamoja na mafunzo ya lazima ya kuendesha kwenye utelezi, na gharama yake si ndogo. Anayeishi Malmö anaweza kuahirisha jambo hilo miaka mitano. Anayeishi Jokkmokk au Pajala, miji midogo ya bara la Norrbotten, hawezi, kwa sababu basi likikupita leo huenda usipate jingine hadi kesho.

Kazi

Hapa mizani inaelemea kaskazini. Norrbotten umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye ukosefu mdogo kabisa wa ajira nchini Sweden, na Skåne miongoni mwa ile yenye ukosefu mkubwa. Sababu inajulikana: kaskazini kuna madini, misitu na mito, lakini vijana wake huondoka kwenda kusini kusoma na wengi hawarudi. Kampuni ya serikali LKAB, iliyoanzishwa mwaka 1890, huchimba madini ya chuma Kiruna na Malmberget, na reli inayoyapeleka hadi bandari ya Narvik, Norway, imekuwa ikifanya kazi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Gällivare kuna Aitik, machimbo makubwa ya shaba yaliyo wazi. Luleå ina kiwanda cha kufua chuma na, tangu mwaka 2013, kituo kikubwa cha data cha kampuni ya Facebook (sasa Meta), kilichojengwa huko kwa sababu ya umeme wa maji na hewa baridi inayopoza mashine bila gharama kubwa. Kwa fundi umeme, fundi wa kuchomelea, dereva wa mitambo, mhandisi, muuguzi au mwalimu, milango ni mingi, ingawa muuguzi na mwalimu watahitaji kwanza Kiswidi kizuri na kutambuliwa kwa vyeti vyao.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika kuhusu kile kinachoitwa viwanda vya kijani. Katika mkoa jirani wa Västerbotten, kampuni ya betri Northvolt ilifilisika Machi 2025, na maelfu ya wafanyakazi wake wa Skellefteå, wengi wao wakiwa wageni, walijikuta wanatafuta kazi upya kwa pamoja katika mji mdogo. Boden nayo inajengewa kiwanda cha chuma kitakachotumia haidrojeni badala ya makaa ya mawe, na mradi huo umelazimika kutafuta fedha za ziada ili ukamilike. Kibali cha kwanza cha kazi kwa mtu wa nje ya Ulaya kwa kawaida hufungamana na mwajiri aliyetajwa, na ajira ikikatika muda wa kupata mwajiri mwingine ni mfupi. Kwa hiyo ningependelea mkataba wa mgodi wenye zaidi ya miaka 100 kuliko wa kiwanda ambacho bado kinaezekwa paa, hata kama mshahara wa pili ni mkubwa kidogo.

Skåne una kazi za aina nyingi zaidi, lakini wanaozigombania nao ni wengi. Lund ndiko ilikoanzia Tetra Pak, kampuni ya pakiti za maziwa, na nje kidogo ya mji kuna maabara ya MAX IV, iliyozinduliwa mwaka 2016, pamoja na kituo cha utafiti cha Ulaya cha ESS, ambako lugha ya kazi ni Kiingereza. Mashamba ya ngano, viazisukari na mbegu za mafuta yameenea mkoa mzima, maana udongo wa Skåne ndio wenye rutuba zaidi nchini. Malmö yenyewe ilikuwa jiji la meli. Karakana ya Kockums ilipokwisha, kreni yake kubwa iliuzwa Korea Kusini kwa dola moja mwaka 2002, na mahali palipokuwa na chuma na moshi sasa pana chuo kikuu, ofisi za kompyuta na ghorofa la Turning Torso lenye urefu wa meta 190. Mabadiliko hayo yamewafaa wenye shahada. Asiye na shahada wala Kiswidi, ambaye zamani angeajiriwa karakanani siku ya kwanza, leo anashindania kazi za usafi, jikoni na kusambaza chakula pamoja na maelfu ya wengine.

Kuna jambo moja kuhusu Skåne ambalo hukosewa sana. Daraja la Öresund, lililofunguliwa tarehe 1 Julai 2000, limeifanya Copenhagen kuwa umbali wa chini ya dakika 40 kwa treni, na uwanja wa ndege wa Kastrup kuwa karibu zaidi ya hapo. Wengi huhesabu ajira za Denmark kuwa sehemu ya faida ya kuishi Malmö. Kwa raia wa Sweden au wa Umoja wa Ulaya hesabu hiyo ni sahihi. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Kongo au Tanzania anayekaa kwa kibali cha Sweden, si sahihi: kibali hicho humruhusu kutembea Denmark, hakimruhusu kufanya kazi huko. Na anaporudi, abebe pasipoti na kadi ya kibali, kwa sababu polisi wamekuwa wakikagua treni kwenye kituo cha Hyllie, cha kwanza upande wa Sweden.

Nyumba, baridi na umeme

Kupata nyumba ya kupanga Malmö au Lund ni kusubiri foleni, na foleni huhesabiwa kwa miaka. Anayefika mgeni huanza kwa kupanga kwa mpangaji mwingine, kwa bei ya juu na mkataba wa muda mfupi. Jiandikishe kwenye foleni ya nyumba mapema iwezekanavyo, kwani kila siku ya kusubiri huhesabiwa kwa faida yako. Kaskazini hali si moja. Katika vijiji vya bara nyumba nzima ya mbao huweza kuuzwa kwa fedha ambazo Malmö hazinunui hata chumba na jiko, lakini Luleå, Boden na Kiruna nyumba zimekuwa adimu kwa sababu ya viwanda, na mwajiri wa kweli huko hukutafutia makazi au hukuelekeza pa kuyapata.

Kiruna ina sababu ya ziada. Madini yake yamelala kwa mshazari chini ya mji, na kadiri mgodi unavyokwenda chini ndivyo ardhi ya juu inavyopasuka, hivyo katikati ya mji mzima panahamishwa. Kitovu kipya kilizinduliwa mwaka 2022, kilomita chache mashariki. Agosti 2025 lilisafirishwa kanisa la mbao la mwaka 1912, lenye uzito wa tani 672, likiwa zima, juu ya magari maalumu yaliyotembea taratibu kuliko mtu kwa miguu, kwa siku mbili, kwa kilomita 5. Barabara ilibidi ipanuliwe kwanza ili jengo lipite. Anayehamia Kiruna basi atakuta maghorofa mapya na maduka mapya, na pembeni yake mitaa iliyozungushiwa uzio ikisubiri kubomolewa.

Sasa baridi. Januari ya Malmö hukaa karibu na nyuzi sifuri, na ya Luleå karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri. Bara la Norrbotten huweza kushuka chini ya 30, na rekodi ya nchi, nyuzi 52.6 chini ya sifuri, ilipimwa Vuoggatjålme mwaka 1966. Ukisoma tarakimu hizo ukiwa Mombasa au Bujumbura utachagua Skåne bila kuendelea. Lakini baridi ya kaskazini ni kavu, nyumba zimejengwa kuishinda, na jamii imeizoea kiasi kwamba maisha hayasimami: magari huning'iniza waya mbele ili injini ipashwe joto usiku, na bahari ya Luleå ikishaganda hutengenezwa njia juu yake ambako familia hutembea, huteleza kwa viatu vya barafu na kusukuma vigari vya mguu vilivyobeba watoto na thermosi. Skåne hakuna hayo. Kuna upepo wa baharini, mvua ya ubavuni na matope, na kwa kuwa theluji haikai, hakuna kinachoongeza mwanga ardhini. Siku fupi kabisa Malmö ina kama saa 7 za jua, Luleå kama saa 3, na Kiruna jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa kuzunguka Krismasi. Halafu kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai halitui, na hapo ndipo wageni wengi hukosa usingizi, na mbu hawakosi kazi.

Umeme wenyewe una bei tofauti. Tangu Novemba 2011 nchi imegawanywa katika kanda nne za bei. Norrbotten uko katika ya kwanza, penye mabwawa ya mto Lule na umeme mwingi kuliko matumizi, na Skåne uko katika ya nne, ambayo hutumia zaidi ya inachozalisha, hasa baada ya kinu cha nyuklia cha Barsebäck kufungwa kwa awamu mwaka 1999 na 2005. Kwa kawaida wa kusini hulipa zaidi kwa kila uniti, ingawa wa kaskazini hutumia uniti nyingi zaidi kupasha nyumba joto.

Watu

Skåne ulikuwa wa Denmark hadi mwaka 1658, na matamshi ya wenyeji bado yana harufu ya ng'ambo ya pili: r hutokea kooni, irabu hupindwa, na aliyejifunza Kiswidi cha redioni hutumia miezi kuizoea. Malmö ni jiji la wahamiaji. Karibu mkazi mmoja kati ya watatu alizaliwa nje ya nchi. Kwenye uwanja wa Möllevången mboga na viungo vya mabara matatu huuzwa hadharani, misikiti na makanisa ya lugha mbalimbali yapo, na Mswahili hakosi wa kuzungumza naye. Habari za magenge na risasi katika baadhi ya mitaa ni za kweli na ni vyema kuuliza mtaa kabla ya kukodi, ila si picha ya jiji lote.

Norrbotten ulifanywa mkoa wa peke yake mwaka 1810, baada ya Sweden kupoteza Finland, na mpaka uliochorwa kwenye mto Torne ulizigawa familia za lugha moja. Kwa hiyo huko utasikia Kiswidi, Kifini, Meänkieli iliyo ndugu ya Kifini, na lugha za Kisami, na Haparanda utavuka barabara ukajikuta Finland, saa moja mbele. Watu ni wa maneno machache. Wapo wanaokubali jambo kwa kuvuta pumzi ndani kwa sauti fupi, na mgeni hudhani mwenzake ameshtuka. Urafiki huchelewa, lakini katika mji wa watu elfu chache mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya na mwenye duka watakujua jina ndani ya majira mamoja, na mtoto wako atazungumza Kiswidi haraka kwa sababu hana mwenzake wa kusema naye lugha ya nyumbani. Upweke wa mtu mzima ndio hatari kubwa, hasa kwa mwenza aliyemfuata mwenye kazi na ambaye anabaki nyumbani Desemba nzima.

Nani aende wapi

Mwanafunzi wa uhandisi wa madini, wa anga au wa ujenzi wa mbao angefaidi Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Luleå, ambacho kina kampasi ya masuala ya anga Kiruna, karibu na kituo cha kurushia roketi cha Esrange. Wa tiba, sheria, sayansi ya jamii au utafiti wa kina aende Lund, chuo cha tangu mwaka 1666, na wa kilimo aende Alnarp, kampasi ya chuo kikuu cha kilimo iliyoko Skåne. Wote watokao nje ya Ulaya hulipa ada tangu mwaka 2011, hivyo udhamini uje kwanza.

Fundi au mhandisi mwenye mkataba mkononi, kijana au familia yenye afya na isiyoogopa kuendesha gari, mimi ningempeleka Norrbotten, pwani kuliko bara. Mwenye mgonjwa nyumbani, mwenye mwenza anayehitaji jamii na kazi yake mwenyewe, au anayesafiri mara kwa mara kwenda Afrika kupitia Kastrup, akae Skåne hata kama atasubiri kazi miezi zaidi. Asiye na mkataba wowote asidanganyike na wingi wa ndugu walioko Malmö: watampokea, watamlaza sebuleni, lakini hawatampa kazi.

Ukipata nafasi ya kwenda kuangalia kabla ya kuamua, usiende Juni, wakati mikoa yote miwili ni mizuri kupita kiasi, wala Februari, wakati theluji ya Jokkmokk na soko lake la tangu mwaka 1605 vitakuroga. Nenda Novemba. Omba mwajiri akuonyeshe nyumba yenyewe, panda basi la saa kumi na mbili asubuhi hadi kazini, na uulize kituo cha afya kilicho karibu kinafunguliwa siku ngapi kwa wiki.